Kuvumwani za kinamasini: acha rangi, chuna jani

Mkuu umeuliza mbona kuvumwani (moss, ile mimea midogo inayotanda kama zulia) ulizookota kinamasini zote unaziona sawa, kijani tu, na ukilinganisha na picha za mtandaoni hakuna hata moja inayofanana. Hii mimea nimehangaika nayo miaka kadhaa, ngoja nikwambie pale paliponisumbua mimi.

Rangi na ukubwa ndo vinavyodanganya kuliko kitu kingine chochote kwenye mimea ya majini. Kuna kipindi nilichukua Sphagnum mbili, kuvumwani ya kinamasini inayobeba maji mengi, kwenye dimbwi moja, moja imezama, ndefu, imelegea kama manyoya ya kuku yaliyolowa, nyingine iko ukingoni fupi imebanana, basi nikaziandika majina mawili tofauti nikiwa na uhakika kabisa. Zikakaa kwenye bahasha karibu mwaka mzima. Siku nazipitia upya kwa hadubini nakuta seli zilezile, vitundu vilevile, majani ya shina yaleyale, kumbe mmea ni mmoja, maji ndo yaliyobadilisha umbo. Iliniuma sana, na toka siku hiyo siandiki jina kabla sijachuna jani.

Kwahiyo shika lenzi ya mkononi, ya mara 10 inatosha, uangalie jani lina mshipa wa kati au halina, na limekaaje kwenye shina. Ukikuta majani yamepangwa mistari miwili, hayana mshipa na ncha zimegawanyika, hapo huenda umeshika livawoti, mmea mdogo wa jamii ya karibu, wala sio kuvumwani. Ila kuna kuvumwani iitwayo Fissidens, nayo ina mistari miwili, lakini mshipa unao, na chini ya jani kuna kimfuko kinachokumbatia shina, ukishakiona mara moja hukisahau. Kwenye mawe ya mto unaotiririka utakutana na Fontinalis antipyretica, majani mistari mitatu, kila jani limekunjwa katikati kama mtumbwi, mshipa hamna. Hilo jina maana yake ni kinga ya moto, alilitoa Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa zamani, kwasababu kule Uswidi walikuwa wanaijaza kati ya bomba la moshi na ukuta wa nyumba. Philonotis utaikuta kwenye chemchemi, kijani cha kupauka, na kibonge chake cha spora (vumbi la kuzaliana) ni duara kama tufaha.

Sasa Sphagnum, hapa ndo penye kazi na ndo ninapopapenda. Kuijua ni rahisi, juu ina kichwa cha matawi yaliyosongamana na pembeni matawi yanatoka kwa vifungu, mengine yametanda mengine yananing'inia yakigusa shina. Kuijua spishi ndo shughuli. Bandua matawi yote taratibu kwa kibanio, kwangua majani ya shina lenyewe, weka tone la GV ile ya kupaka vidonda, suuza, halafu chungulia. Utaona seli kubwa zilizokufa zina nyuzi za mzunguko na vitundu, na katikati yake seli nyembamba za kijani, ni hizo kubwa tupu zinazofanya mmea ubebe maji hadi mara 20 ya uzito wake mkavu. Ukikata jani la tawi kwa wembe ukaona seli ya kijani imepanuka upande wa ndani wa jani uko kwenye kundi la Acutifolia, ikipanuka upande wa nje ni Cuspidata. Majani manene yamejikunja kama kofia, na ganda la shina lina nyuzi, hilo ni kundi dogo ambalo nalo linaitwa Sphagnum. Sphagnum kwa ujumla ni jamii ya peke yake kweli, hata majina yake rasmi ya kisayansi yanahesabiwa kuanzia kitabu cha Linnaeus cha 1753 wakati kuvumwani zingine nyingi zinaanzia cha Hedwig, mtaalamu wa kuvumwani, cha 1801.

Na maji yenyewe yaandike, mkuu. Sphagnum nyingi zinataka maji yenye asidi, ila kuvumwani nyingine, Palustriella, utaikuta kwenye chemchemi ya chokaa, mashina yameganda chokaa mpaka yanakwaruza mkono.

Kausha kwenye bahasha ya karatasi, plastiki inaozesha, juu andika ilikuwa imezama au iko ukingoni, jiwe au matope. Ukitaka kuiangalia tena iloweke tu, majani yanafunguka yenyewe. Nitumie picha ya jani la shina, sio ya zulia zima, tuanzie hapo.