Krimu ya alovera kuota ukungu: tatizo ni maji

Dada, umeuliza kwa nini krimu yako ya alovera na mafuta ya nazi imeota ukungu ndani ya wiki moja, ilhali kila ulichotia ni cha asili. Pole sana. Mimi yalinikuta hayo hayo mwaka 2018, na nilikuwa nimeshampaka mwanangu shingoni kabla sijaona vidoa vya kijani chini ya mfuniko. Alitoka vipele wiki nzima, na mpaka leo roho huniuma nikikumbuka.

Ute wa alovera karibu wote ni maji, na penye maji bakteria na ukungu huzaliana. Mafuta matupu hayaoti ukungu, huchacha tu yakikaa sana. Watakwambia utie vitamini E. Hiyo huchelewesha mafuta kuchacha, haiui vijidudu. Bila kihifadhi kinachopimwa kwa mizani, krimu yenye maji ni ya kuweka kwenye friji na kutumia kwa siku chache tu. Ndiyo maana mimi maji niliyaacha kabisa.

Siku hizi nachukua vijiko sita vya chakula vya mafuta, nusu alizeti nusu nazi, na kijiko kimoja cha nta ya nyuki iliyokunwa. Bakuli naliweka juu ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si jikoni moja kwa moja, maana nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hivi na haihitaji kuchemka. Ikishayeyuka nadondosha tone kwenye sahani baridi, nasubiri ligande, nalibonyeza kwa kidole. Likiwa gumu kama mshumaa naongeza mafuta, likiteleza naongeza nta. Usiruke hatua hii. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 au 25, kwa hiyo kopo lililoganda vizuri Njombe likifika Tanga linakuwa mchuzi. Ukitumia siagi ya shea, ipoze haraka kwenye friji, la sivyo inatoa chenga chenga mithili ya sukari. Na vyombo vyote viwe vikavu kabisa.

Uliuliza pia kuhusu mafuta ya kusafishia uso, ukasema ngozi yako ni ya mafuta: nazi iache, wengi inawaziba vinyweleo. Changanya sehemu moja ya nyonyo na tatu za alizeti. Nyonyo peke yake ni nzito, inavuta ngozi. Sugua taratibu kwa dakika moja uso ukiwa mkavu, kisha futa kwa kitambaa kilicholowekwa maji ya uvuguvugu, mara mbili au tatu. Ila jaribu kwanza ndani ya kiwiko, usubiri siku mbili.

Ndimu usitie. Ikibaki kwenye ngozi ukatoka juani inaunguza, na madoa yake meusi hukaa miezi. Wala mafuta haya hayakingi jua, hata nazi. Wenye ualbino wanahitaji krimu halisi ya jua, kama Kilisun inayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi. Kwa hilo tusiwabahatishie.

Krimu yako iliyoota ukungu imwage yote, usikwangue ukungu ukatumia ya chini yake. Kopo likiwa la kioo lichemshe, ulikaushe. La plastiki litupe.