"Fine" yangu iliyonikosesha kazi

Juzi msomaji mmoja kaniuliza: "Kaka, bosi akinipa kazi kwa Kiingereza, nikimjibu 'yeah' ni utovu wa adabu?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Alinitonesha kidonda.

Miaka kadhaa nyuma mhariri mmoja aliniandikia barua pepe ndefu. Alitaka nimwandikie makala kila mwezi, akataja malipo, akaomba tu nikubali makala zangu zipunguzwe urefu. Nilifurahi hadi mikono ikatetemeka. Nikajibu neno moja na nukta yake: "Fine." Tangu darasani, "fine" kwangu ni njema, ni salama salimini. Siku mbili kimya. Ya tatu akaandika kwamba anaona sijaridhika, kwa hiyo hatanilazimisha.

Kumbe "fine" ya kuitikia ombi, ikisimama peke yake, wenye lugha yao huisikia kama sisi tunavyosikia "haya bwana" ya mtu aliyenuna. Nikaandika kujieleza, nikafuta, nikaandika tena. Nafasi ilikwisha kupata mwenyewe.

Tangu hapo maneno haya nayapekua kama karani wa forodha. "Sure" tupu huwa baridi. Ukisema "Sure, happy to" inapata joto. "Yeah" na "yep" ni za mnaotaniana, na "yeah" msiiandike "yea", neno la zamani ambalo Wamarekani bado wanalitumia kupiga kura bungeni. "K", yaani "OK" iliyokatwa, usimwandikie hata adui. "OK" ilianza kama mzaha: mwaka 1839 gazeti moja la Boston liliichapa kuwa kifupi cha "all correct" iliyokosewa tahajia makusudi, "oll korrect". Leo inapita hata ofisini, ila haina furaha ndani yake. Inasema tu ujumbe umefika.

Sasa nanyi mnaotaka kula kwa kalamu, nisikilizeni. "Ndiyo" ya mdomoni ina sauti na tabasamu; ya kwenye maandishi inatoka uchi. Ivisheni! Mtu kakuandikia mistari kumi, unamrudishia neno moja? Taja unachokikubali: "Yes, Friday works for me." Na msiniambie Kiingereza si chetu, malipo yake mbona mnayataka. Narudia, neno moja halitoshi.

Aliyepewa nafasi ile namsoma mpaka leo. Makala zake ni "fine", kwa maana ya yule mhariri.