Wapo au Hawapo? Maswali Yenu Kuhusu Viumbe wa Sayari Nyingine

Wanaastronomia wenyewe wanaamini wapo? (Msomaji, Dodoma)

Wengi watakuambia wanadhani wapo, na papo hapo watakuambia hakuna ushahidi hata mmoja. Kauli hizo hazigongani. Dhana yao inatokana na wingi: galaksi yetu, Njia Nyeupe, ina nyota zisizopungua bilioni 100, na tangu Michel Mayor na Didier Queloz watangaze mwaka 1995 sayari inayozunguka nyota ya 51 Pegasi, sayari za nyota nyingine zilizothibitishwa zimepita 6,000. Lakini kuwapo kwa sayari hakutuambii kama ina uhai, na uhai nao unaweza kukaa muda mrefu sana bila kuzaa akili. Hapa kwetu vijidudu vina zaidi ya miaka bilioni 3, ilhali redio ina miaka mia na ushei tu.

Mwanaastronomia Mmarekani Frank Drake aliandika mwaka 1961 mlinganyo wa kukadiria ni jamii ngapi zinaweza kuwasiliana nasi. Una vipengele saba. Vya mwanzo, kama kasi ya nyota kuzaliwa na sehemu ya nyota zenye sayari, leo vinapimika. Vya mwisho, yaani uhai kuanza, akili kuchipuka, mitambo kuundwa na jamii kudumu, tunavikisia tu, kwani mfano tulio nao ni mmoja. Ndiyo maana anayepata milioni moja na anayepata sifuri wote wametumia mlinganyo uleule.

Ile ishara ya "Wow!" ya mwaka 1977 haitoshi? (Msomaji, Mombasa)

Haitoshi, ingawa ndiyo inayostahili kuheshimiwa kuliko zote. Tarehe 15 Agosti 1977 darubini ya redio ya Big Ear, ya Chuo Kikuu cha Ohio State nchini Marekani, ilinasa mawimbi makali karibu na megahezi 1,420, masafa (idadi ya mitetemo ya mawimbi kwa sekunde) ambayo gesi ya haidrojeni hutoa kwa asili yake. Kila sekunde 12 kompyuta ilichapa alama moja ya nguvu ya mawimbi: tarakimu 1 hadi 9, kisha herufi, A ikiwa 10, B ikiwa 11, na kuendelea. Siku chache baadaye mwanaastronomia Jerry Ehman alikuta kwenye karatasi 6EQUJ5, akaizungushia kalamu nyekundu na kuandika kando "Wow!", yaani neno la mshangao. U hapo ni takriban mara 30 ya kelele za kawaida.

Big Ear haikuweza kuifuata nyota. Ilitulia, na mzunguko wa Dunia ndio ulioipitisha anga mbele yake, hivyo kitu cha mbinguni kilichukua sekunde 72 kupita, kikipanda hadi kilele kisha kikishuka. Zidisha alama sita kwa 12 upate 72, halafu tazama zinavyopanda na kushuka. Mtambo wa jirani usingeigiza hivyo kirahisi.

Tatizo ni kwamba darubini ile ilikuwa na vipokezi viwili, na kila kipande cha anga kilipita mbele ya kimoja kisha cha pili baada ya dakika tatu hivi. Ishara ilionekana kwenye kimoja tu. Imetafutwa tena mara nyingi, haijarudi. Kwetu sisi ishara isiyorudi inabaki kuwa haijaelezwa, basi.

Wanajuaje kuwa mawimbi yametoka kwenye nyota na si kwenye simu ya mtu? (Msomaji, Arusha)

Swali hili tungependa liulizwe kila habari ya aina hii inapotoka. Kipimo cha kwanza ni kuhama kwa masafa. Dunia inajizungusha, kwa hiyo kasi ya darubini kuelekea nyota hubadilika kila wakati, na masafa ya ishara kutoka nje huteleza polepole. Kwenye megahezi 1,420, mzunguko huo pekee unaweza kuyahamisha kwa hadi hezi 0.16 kila sekunde karibu na ikweta. Mtambo uliosimama kando ya darubini kwa kawaida hautelezi. Cha pili ni kulenga na kugeuza: elekeza darubini kwenye nyota, igeuze pembeni, irudishe, rudia. Ishara inayoendelea kusikika darubini ikiwa imegeuzwa ni ya hapahapa. Cha tatu ni kituo kingine, mbali na cha kwanza, kuisikia pia.

Mwaka 2019 darubini ya Parkes, Australia, ikiilenga nyota ya Proxima Centauri iliyo miaka ya nuru 4.2 kutoka kwetu, ilinasa ishara nyembamba, yaani iliyobanwa kwenye masafa machache sana, kwenye megahezi 982. Iliteleza. Ilionekana darubini ikilenga nyota, ikapotea ikigeuzwa. Vipimo viwili ikawa imefaulu! Habari ilipovuja Desemba 2020 magazeti yalipamba moto. Watafiti wakarudi kwenye data zao na kukuta ishara nyingine zenye umbo lilelile kwenye masafa mengine, baadhi zikisikika hata darubini ikiwa imegeuzwa. Mwaka 2021 walichapisha jibu: ni mawimbi ya vifaa vya kielektroniki vya hapa Duniani yaliyochanganyikana, na kupotea kwake kuliangukia tu kwenye nyakati za kugeuza.

Parkes hiyohiyo iliwahi kusumbuliwa kwa miaka na milipuko mifupi ya mawimbi. Mwaka 2015 ikathibitika chanzo chake ni oveni ya maikrowevu kituoni, mlango ukifunguliwa kabla haijamaliza kazi.

Serikali ya Marekani inaficha? (Msomaji, Bujumbura)

Julai 2023 David Grusch, aliyekuwa afisa wa ujasusi, aliliambia Bunge la Marekani kuwa vyombo vya viumbe wasio wanadamu vimefichwa. Hakuonyesha kipande hadharani. Ripoti ya Pentagoni, yaani Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ya Machi 2024 ilisema haikupata ushahidi wa teknolojia ya viumbe wa nje. Ukitilia shaka ripoti hiyo, dai ushahidi uleule kwa Grusch pia.

Dini inakataza kuamini? (Msomaji, Zanzibar)

Aya ya 29 ya Sura Ash-Shura katika Kurani inataja viumbe vilivyoenezwa mbinguni na ardhini. Padri José Gabriel Funes, akiongoza kituo cha astronomia cha Vatikani, alisema mwaka 2008 kuwa wazo la viumbe wa sayari nyingine haligongani na imani ya Kikatoliki. Tafsiri zaidi tunawaachia wanazuoni.

Nimeona taa zimepangana mstari mmoja angani. Nifanyeje? (Msomaji, Kitui)

Karibu kwa hakika ni setilaiti za intaneti za Starlink, siku chache baada ya kurushwa, kabla hazijatawanyika. Huonekana saa moja au mbili baada ya magharibi, au kabla ya mapambazuko, kwa sababu Jua bado linazimulika huko juu wakati chini kuna giza. Zikiingia kwenye kivuli cha Dunia huzimika moja baada ya nyingine, na watu hudhani zimeondoka kwa kasi.

Andika saa kamili, upande wa dira, na zilichukua dakika ngapi kupita. Kisha fungua tovuti ya Heavens-Above, weka mahali ulipo, ulinganishe. Taa moja kali isiyosogea upande wa magharibi jioni huenda ni Zuhura. Ukiwa garini itaonekana inakufuata. Ukirekodi, weka ukingo wa paa au nguzo ndani ya picha ili mwendo upimike, wala usivute karibu: simu ikikosa kulenga, nukta ya mwanga hutanuka ikawa kisahani.