Jipu inauzwa

SWALI: Papa Mwalimu, shemeji yangu aliyeko Ubelgiji ananicheka kwa kutaka motokari yenye buti lililojitokeza nyuma. Anasema kwao watu wanapenda zile zilizokatika mkia. Nimemjibu kwamba nikikasirika nitanunua jipu. Aina hizo mbili zinaitwaje kwa Kiswahili, na kwa nini kila nchi ina chaguo lake? (Msomaji, Kamalondo, Lubumbashi)

JIBU: Ya nchi nitayamaliza upesi, maana kuna neno katika barua yako lililoninyima usingizi.

Yenye buti la peke yake iite sedani. Shuleni tulifundishwa berline, jina la gari la farasi lililotokana na mji wa Berlin. Nalo si dhambi. Iliyokatika mkia haijapata jina la Kiswahili lililokomaa, basi sema gari lenye mlango wa nyuma, ule unaopanda juu pamoja na kioo chake. Shemeji yako hakosei. Ulaya mitaa ni finyu, pa kuegesha ni pa kugombania, na tangu Renault 16 ya 1965 na Volkswagen Golf ya 1974 watu wamezoea gari ambalo ukilaza viti vya nyuma linameza kabati. China wengi hutaka buti lionekane na miguu inyooke nyuma, maana mheshimiwa huketi nyuma. India, serikali ilipopunguza kodi mwaka 2006 kwa magari yasiyozidi mita 4 yenye injini ndogo, watengenezaji walianza kuzikata sedani makalio ili zipite kwenye kipimo. Sisi? Sisi hununua kinachovuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa: Toyota Ist au Vitz kutoka Japani, usukani kulia katika nchi inayoendesha kulia, na gunia la makaa ndilo linaloamua mlango.

Sasa jipu.

Neno la Kiingereza, jeep, lilienezwa na askari wa Marekani katika Vita Vikuu vya Pili. Wanaobishana juu ya asili yake waendelee. Kisha likawa jina la magari ya kampuni moja. Kwetu ni kila kitu kilichonyanyuka kidogo kutoka ardhini. Prado ni jipu, RAV4 ni jipu, na jirani yangu ameinua springi za Ist yake, naye tangu Jumatatu ana jipu.

Mwezi uliopita niliona kadibodi kwenye kioo cha gari: «JIPU INAUZWA. IKO MUZURI. HAINA TATIZO.» Nilisimama juani. Ni nani amewahi kuwa na jipu zuri? Liko shingoni au pajani? Limeiva? Mnunuzi atalihamishaje? Nikaiona familia nzima imevaa nguo za kanisani, imebanana ndani ya jipu. Jipu linapasuka kwenye barabara ya Likasi, mafundi wawili wanakuja kulikamua. Rais Magufuli alipotangaza kutumbua majipu, yaani kuwafukuza kazini wazembe na mafisadi, Tanzania ilishangilia. Angetangaza hapa, nusu ya mji ingeficha magari.

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, kijana mjanja, hulitetea neno hili kwa sarufi: la mwilini ni jipu hili, linauma, la barabarani ni jipu hii, inauma mfuko. Ngeli imeshatenganisha, Papa, tulia. Hoja nzuri, ingefaa Zanzibar. Lakini hapa Katanga nani anasema «jipu hili»? Sote tunasema gari yangu, jicho yangu, jipu yangu, hata mimi nikiwa na hasira. Mtu akinigongea usiku na kulia kwamba jipu yake imevimba, nimwite muuguzi au fundi wa matairi?

Basi nunua sedani yako, ndugu, umwache shemeji acheke. Mashimo yakikushinda ukachukua ya juu, iite motokari ya juu, au Prado kama ni Prado.

Wiki iliyofuata nilipita pale tena. Kadibodi haipo. Jipu limeshapata mwenyewe, na walioshuhudia wanasema aliondoka anatabasamu.