Nimezoea kutoa, je nikipokea mchango wa matibabu nimejidhalilisha?

SWALI: Assalamu alaykum ustadh. Mimi ni fundi seremala hapa Tanga, miaka yote nimekuwa mtu wa kutoa, msiba ukitokea mtaani jina langu ndio la kwanza kwenye daftari. Sasa nimevunjika nyonga, mwezi wa 4 huu sifanyi kazi, mashine ya randa nishaiuza na hela ya operesheni bado haijatimia. Jamaa wa msikitini wanataka kunichangia nimewakatalia, manake Mtume (s.a.w.) kasema mkono wa juu, yaani wa anayetoa, ni bora kuliko mkono wa chini wa anayepokea. Mke wangu anasema hicho ni kiburi. Nani yuko sawa?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah ndugu yangu, Allah akupe shifaa. Mkeo yuko karibu na haki kuliko wewe, usinichukie kwa kukuambia.

Hadithi ni sahihi, wameipokea Bukhari na Muslim, ila tazama aliyeambiwa. Sahaba Hakim bin Hizam aliomba akapewa, akaomba tena akapewa, na mara ya tatu vilevile, ndio Mtume akampa nasaha ile. Wewe hujaomba hata mara moja, watu wamekuja wenyewe, kwa hiyo hali yako inafanana zaidi na ya sayyidna Umar, alikuwa akipewa kitu anasema mpe mwenye shida kunishinda, Mtume akamwambia chukua, mali ikikujia nawe huitamani wala hukuiomba ichukue. Na hata ungeomba, ipo hadithi ya sahaba Qabisa katika kitabu cha Muslim, aliyepatwa na janga likamaliza mali yake ni halali kwake kuomba mpaka apate cha kumsimamisha. Kisheria limekwisha hapo.

Lakini naona kinachokusumbua ni moyo. Msome Nabii Musa (a.s.) kwenye Suratul Qasas, katoka Misri mkimbizi, kafika Madyan hana pa kulala, na katika hali hiyo hiyo akawanyweshea mifugo wale mabinti wawili, kisha akakaa kivulini akasema Mola wangu mimi ni mhitaji wa kheri yoyote utakayoniteremshia (28:24). Mara binti mmoja akaja, baba anakuita akulipe ujira wa kutunyweshea. Angeweza kusema mimi nilisaidia kwa ajili ya Allah siji, wala hakusema, aliinuka akaenda. Yaani mtu yule yule katoa na kapokea, na hakuna kilichopungua kwake, tena ni katika mitume wakubwa kabisa.

Sasa jiulize, na hili nakuuliza kwa uchungu kwa sababu limenipata na mimi. Kama kupokea unakuona ni fedheha, wale uliokuwa unawapa ulikuwa unawaonaje? Upepo uliwahi kung'oa mabati ya nyumba yangu, aliyeniletea bati 6 ni muuza kahawa ambaye mimi nilishampa zaka, nikashindwa kumtazama usoni siku nyingi, na hapo ndio nikajua kumbe nilipokuwa nampa nilijiona niko juu yake. Allah anawasifu wanaosema hatutaki kwenu malipo wala shukrani (76:9), na kuwa wa kwanza kwenye daftari kunaweza kuwa ni shukrani tunayojilipa wenyewe. Nia yako siijui, anaijua Mola wako, ichunguze tu.

Na ukiwakatalia jamaa unawafungia mlango wa thawabu ambao wewe umepita miaka yote, si haki.

Mpigie imamu leo leo. Mtajie kiasi kilichobaki kama hospitali walivyokiandika, usikipunguze kwa aibu, na kikishatimia waambie imetosha, manake hadithi ya Qabisa inasema hivyo hivyo, apate kisha ajizuie. Majina ya waliochanga usiyaulize, waombee wote dua.