Swichi ya kasha jipya kwenye madabodi ya OptiPlex

Ndugu, umeuliza kwa nini swichi ya kasha jipya haiunganiki kwenye madabodi (ubao mkuu) ya OptiPlex, kompyuta ya mezani ya Dell. Plagi ya pini 9 ya kasha lako jipya haiingii kwa sababu Dell hupanga pini za madabodi kivyake, usiilazimishe. Swichi ya kuwasha ni waya mbili tu zinazogusana, kazi ni kuzijua pini zake. Chomoa umeme, toa swichi ya kasha la zamani pamoja na kebo yake, weka multimita (kipimo cha umeme) kwenye mlio, yaani ilie waya zikigusana, pima matundu ya plagi mawili mawili huku ukibonyeza. Jozi inayolia ukibonyeza na kunyamaza ukiachia ndiyo hiyo; pini mbili za madabodi zinazoingia matundu hayo ndizo za kuunganisha swichi mpya. Ikilia muda wote, achana nayo.

Pini hizo zisipokuwa jirani, nunua jampa za kiume kwa kike (waya fupi zenye pini upande mmoja na tundu upande mwingine) pale Luthuli, mtaa wa maduka ya elektroniki Nairobi. Swichi haina chanya wala hasi. Taa ya kasha inazo, ikikataa kuwaka geuza waya zake. Kubahatisha kwa kugusanisha pini na bisibisi hapana: pini ya volti 5 ikigusa graundi unaweza kuua madabodi.

Hata ikiwaka, baadhi ya OptiPlex husimama zikidai kebo ya mbele haipo, mpaka ubonyeze F1. Hapo rudisha tu paneli ya zamani, uifiche ndani ya kasha.