Maswali ya Wasomaji: Barua na Matunda Viliiachaje Reli?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba zamani makarani wa posta walichambua barua ndani ya behewa huku treni inakimbia, na kwamba matunda yalisafirishwa maelfu ya kilomita katika mabehewa yaliyojazwa barafu. Leo vichwa vya treni vina nguvu zaidi na reli ni imara kuliko zamani. Imekuwaje kazi hizo zikaiacha reli? Je, ni ndege iliyozichukua?

JIBU: Ndugu msomaji, ndege ina sehemu yake katika jambo hili, ila si kubwa kama inavyodhaniwa. Barua na matunda vina sifa moja isiyopatikana katika makaa ya mawe wala saruji: thamani yake hupungua kwa kila saa inayopita. Mwenye mzigo wa namna hiyo hanunui mwendo kasi peke yake. Ananunua ratiba, yaani uhakika kwamba mzigo utaondoka jioni ya leo, hautalazwa njiani, na utafika asubuhi inayojulikana. Reli ilipokuwa na treni nyingi za abiria zenye saa maalumu, posta iliupata uhakika huo bila kuhitaji treni zake yenyewe. Treni hizo zilipopungua, uhakika nao ulipungua.

Uingereza ilianza kupakia barua katika reli ya Liverpool na Manchester mwaka 1830, na mwaka 1838 behewa la kubebea farasi liligeuzwa kuwa chumba cha kuchambulia barua safarini. Marekani ilianzisha huduma yake ya kudumu ya aina hiyo mwaka 1864, kati ya Chicago na Clinton katika jimbo la Iowa. Werevu wa mpango huo ulikuwa katika kuutumia muda wa safari usipotee bure, kwa kuwa barua ilifika mjini ikiwa imekwisha kupangwa tayari kwa kugawiwa. Katika stesheni ndogo treni haikusimama kabisa: mfuko ulitundikwa kwenye nguzo kando ya reli, karani akaunasa kwa mkono wa chuma uliofungwa mlangoni mwa behewa, na papo hapo akautupa chini mfuko wa kijiji hicho. (Makarani wa Marekani walikuwa hata na mbwa wao, Owney, aliyezunguka nchi nzima ndani ya mabehewa ya barua hadi alipokufa mwaka 1897, mwili wake uliohifadhiwa bado unaonyeshwa katika makumbusho ya posta mjini Washington.)

Jambo ambalo abiria wengi hawakulijua ni kwamba malipo ya posta yalikuwa yanaibeba treni waliyopanda. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, watu walipohamia kwenye magari yao na kwenye ndege, kampuni za reli zilianza kufuta treni zisizojaza viti. Kila treni iliyofutwa iliipunguzia posta safari moja, nayo posta ikalazimika kutafuta lori la kuziba pengo. Njia zenye mabehewa ya kuchambulia barua nchini Marekani zilikuwa 794 mwaka 1948, na kufikia 1962 zilibaki 262. Mwaka 1963 ukaja msimbo wa posta wa tarakimu tano, pamoja na mpango wa kuchambua barua kwa mashine katika vituo vikubwa. Mashine hizo haziwezi kukaa ndani ya behewa, na vituo hivyo vilitegemea malori na viwanja vya ndege. Kwa maoni yangu hilo ndilo pigo lililokuwa zito kuliko mengine yote, kwa sababu liliiondolea treni kazi ambayo lori halikuweza kuifanya kamwe, nayo ni kuchambua barua huku safari inaendelea.

Septemba 1967 posta ya Marekani ilivunja sehemu kubwa ya mikataba yake na reli. Treni nyingi za abiria zilizokuwa zinajikokota kwa fedha hizo zilifutwa baada ya muda mfupi, na kufikia Mei 1971 shirika jipya la treni za abiria, Amtrak, lilipokea mabaki tu ya mtandao ule wa zamani. Behewa la mwisho la kuchambulia barua, kati ya New York na Washington, lilifunga kazi tarehe 30 Juni 1977. Ujerumani ilifuata mwaka 1997, na Uingereza mwaka 2004. Wapo wanaodhani kwamba wizi mkubwa wa Agosti 1963, ambapo majambazi waliisimamisha treni ya barua iliyotoka Glasgow kwenda London wakatoroka na takriban pauni milioni 2.6, ndio ulioiua huduma hiyo ya Uingereza. Sivyo, baada ya wizi huo makarani waliendelea kuchambua barua treni ikienda kwa miaka 40 zaidi.

SWALI: Mimi nafanya biashara ya matunda. Naelewa habari ya barua, lakini matunda hayakutegemea treni za abiria. Kwa nini nayo yaliondoka?

JIBU: Umesema kweli kwa sehemu kubwa, kwani matunda na mboga vilikuwa na mabehewa yake maalumu. Kampuni ya Pacific Fruit Express, iliyoundwa mwaka 1906 na kampuni mbili za reli za magharibi mwa Marekani, ilifikia kuwa na mabehewa zaidi ya 40,000. Kila behewa lilikuwa na matangi ya barafu katika ncha zake mbili, yakijazwa kupitia matundu ya juu ya paa, na pale baridi kali ilipohitajika barafu ilichanganywa na chumvi. Kwa kuwa barafu huyeyuka, treni ilisimama tena na tena katika vituo vyenye majukwaa marefu ili kujaziwa upya. Mabehewa yenye mashine za baridi zinazoendeshwa kwa dizeli yalienea kuanzia miaka ya 1950, yakisukumwa hasa na vyakula vilivyogandishwa, ambavyo barafu haikuvitosha.

Kwa hiyo tatizo la baridi lilipata ufumbuzi, lakini tatizo la kusubiri lilibaki. Behewa la machungwa lililotoka California lilipitia yadi kadhaa, yaani viwanja vya kupangia mabehewa, na katika kila yadi liliachanishwa na treni moja likangoja kuunganishwa na nyingine. Mwendo wa njiani ulikuwa mzuri, ila saa zililiwa yadini. Lori lilipakia shambani na kushusha sokoni bila mzigo kuguswa katikati, na sheria ya mwaka 1956 ya kujenga barabara kuu zipatazo kilomita 66,000 ililifungulia njia nchi nzima. Zaidi ya hayo, sheria ya mwaka 1935 iliyodhibiti biashara ya malori iliwaachia huru wanaobeba mazao ghafi ya shambani. Mwenye lori aliweza kupandisha au kushusha bei kulingana na msimu na hali ya soko, ilhali reli ilifungwa na viwango vilivyoidhinishwa na serikali. Reli iliondolewa viwango hivyo kwa matunda na mboga mwaka 1979, wakati wateja wengi walikwisha kuzoea lori.

Wewe mfanyabiashara utaielewa haraka hoja ya mwisho: mabehewa hayo yalijaa msimu mmoja na kulala msimu mwingine, na mara nyingi yalirudi matupu. Pacific Fruit Express ilivunjwa mwaka 1978.

SWALI: Je, mizigo hiyo inaweza kurudi relini?

JIBU: Majaribio yapo, na matokeo yake yamechanganyika. Ufaransa iliendesha treni ya mwendo kasi ya posta kuanzia 1984 hadi 2015, ikaifuta treni hiyo wakati barua zilipopungua. Treni ya matunda na mboga kati ya Perpignan na soko la Rungis, karibu na Paris, ilisimama mwaka 2019 kwa sababu mabehewa yake yalikuwa yamechakaa, ikarudi mwaka 2021 kwa msaada wa serikali. Nchini Marekani treni ya mazao kutoka jimbo la Washington hadi jimbo la New York, iliyokwenda moja kwa moja bila kupanguliwa yadini, ilianza mwaka 2006 na kusitishwa mwaka 2020. Posta ya Uingereza nayo iliacha kuendesha treni zake yenyewe Oktoba 2024.

Hata hivyo, usidhani kwamba treni za leo hazina vifurushi wala chakula. Kampuni za vifurushi kama UPS hupakia matela yao juu ya mabehewa bapa kwa safari ndefu, na makontena yenye mashine za baridi husafiri vivyo hivyo, lori likibaki na vipande vifupi vya mwanzo na mwisho. Treni ya makontena ikikupita, tazama ncha za makontena. Lile lenye mashine inayounguruma huenda limebeba matunda au nyama.